Nyaraka za Wayahudi wa Baghdad: zirudi kwa nani?

Mei 2003, mwezi mmoja baada ya Baghdad kuanguka, askari wa Marekani waliokuwa wakisaka silaha za maangamizi waliingia makao makuu ya Mukhabarat, idara ya ujasusi ya Saddam Hussein. Silaha hawakuziona. Bomu lililogoma kulipuka lilikuwa limepasua mabomba ya maji, na ghala la chini ya jengo lilikuwa limefurika hadi kiunoni. Humo majini walikuta mali ya masinagogi ya mji: vipande vya magombo ya Taurati, vitabu vya sala, madaftari ya shule, barua za marabi na wazee wa jumuiya. Zilipotolewa zote na kuhesabiwa, vitabu vilizidi 2,700 na karatasi zilikuwa makumi ya maelfu. Za kale kabisa ni za karne ya 16, za mwisho ni za miaka ya 1970.

Kuokolewa kwenyewe kulikuwa kwa kubahatisha. Karatasi zilianikwa juani kidogo, kisha zikafungiwa ndani ya masanduku 27 ya chuma zingali mbichi. Anayejua joto la Baghdad anaweza kukisia kilichofuata: zikaota kuvu. Ikabidi zigandishwe ndani ya lori la barafu, zisafirishwe hadi Texas kukaushwa, halafu Maryland, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, ambako mafundi walizisafisha ukurasa mmoja baada ya mwingine. Leo picha zake mtu yeyote anazipata kwenye intaneti. Karatasi zenyewe zingali Marekani, na Iraq inazidai.

Msomaji wa kwetu akifika hapa, hukumu anayo tayari mdomoni: zirudishwe. Nami nilianzia hapo hapo. Mjusi wa Tendaguru alichimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, na hadi leo mifupa yake imesimamishwa Berlin. Kwa hiyo tukisikia jeshi la kigeni limebeba kitu cha watu na halijakirudisha, hatuhitaji kuambiwa tuwe upande gani. Isipokuwa kwamba katika kesi hii, anayedai arudishiwe ndiye aliyepora.

Hoja ya Iraq si nyepesi, na wengi wa wanaoipinga huko Marekani huipita juu juu. Kwanza kuna ahadi ya maandishi. Agosti 2003 ilisainiwa hati kwamba nyaraka zinakwenda kutengenezwa na zitarudi. Pili, sheria za vita haziruhusu jeshi linalokalia nchi kuondoka na urithi wa nchi hiyo, na kisingizio cha "tuliziokoa" tumekisikia mara nyingi mno katika makumbusho ya Ulaya. Tatu, na hii ndiyo inayonigusa zaidi, ni hoja aliyoisimamia Saad Eskander, aliyekuwa mkurugenzi wa Maktaba na Hifadhi ya Taifa ya Iraq: historia hii ni ya Iraq nzima. Maktaba yake ilichomwa moto na kuporwa Aprili 2003. Kijana wa Baghdad leo hajui kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita robo ya wakazi wa mji wake, pengine zaidi, walikuwa Wayahudi, wala kwamba waziri wa kwanza wa fedha wa nchi yake, Sassoon Eskell, alikuwa mmoja wao. Ukiziacha nyaraka hizi Maryland, umemsaidia Saddam kufuta alichotaka kifutike. Nimeitafuta dosari katika hoja hii ya tatu na sijaipata.

Ila ile hati ya Agosti 2003 inastahili kusomwa na majina ya waliosaini. Upande mmoja ni Hifadhi ya Nyaraka ya Marekani. Upande wa pili ni Mamlaka ya Muda ya Muungano, yaani utawala uliowekwa Baghdad na Marekani hiyo hiyo. Mkono wa kulia uliuandikia mkono wa kushoto. Wenye majina yao ndani ya karatasi zile hakuna aliyewauliza.

Nao ndio ambao kesi yao haisikiki vizuri, hasa huku kwetu, kwa sababu neno "Wayahudi" likitajwa tu, mazungumzo yanahamia Gaza na Jerusalem, na mtu wa Baghdad anasahaulika. Watu hawa walikuwa Mesopotamia zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Uislamu. Nyumbani na sokoni walizungumza Kiarabu, na walikiandika kwa herufi za Kiebrania, kama mababu zetu wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1941, katika siku mbili za Juni, watu karibu 180 miongoni mwao waliuawa mitaani. Mwaka 1950 serikali ikatunga sheria ya kuwaruhusu kuondoka kwa sharti la kuukana uraia. Walipokwisha kujiandikisha kwa wingi, Machi 1951 ikaja sheria nyingine iliyozuia mali zao. Takriban 120,000 waliondoka. Waliobaki wachache waliminywa baada ya vita vya 1967 kati ya Israel na nchi za Kiarabu: simu zilikatwa, kazi zikapotea, pasipoti hawakupewa. Januari 1969 tisa kati yao walinyongwa hadharani kwa madai ya ujasusi, mbele ya umati katika Uwanja wa Tahrir wa Baghdad.

Katika hali hiyo, waliosalia waliyakusanya makaratasi ya jumuiya na kuyaweka kwenye roshani ya wanawake ya sinagogi la Bataween, mtaa wa Baghdad. Kwa Myahudi, kama kwa Mwislamu na msahafu uliochakaa, karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani. Huhifadhiwa, au huzikwa. Mwaka 1984, kwa mujibu wa waliokuwepo, watu wa usalama walifika na malori wakazibeba. Hakukuwa na risiti wala fidia. Zikaenda kukaa chini ya ofisi za ujasusi, pale zilipokutwa na maji.

Tazama kilichomo. Kuna barua ya mwaka 1918, siku za utawala wa Waingereza, inayomhusu Rabi Mkuu wa Baghdad, na habari yake ni mgao wa kondoo kwa ajili ya Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi. Kondoo tu. Sijui kama upo ushahidi bora zaidi wa kwamba pale paliishi watu, si "suala la Wayahudi": sikukuu inakaribia, mji umetoka vitani, nyama haipatikani, na kiongozi wa dini anafuatilia waumini wake wasikose kitoweo. Kuna kitabu cha Haggadah, kile kinachosomwa usiku wa Pasaka, cha mwaka 1902, kilichoandikwa na kupambwa kwa mkono na kijana. Kuna kalenda ya mwaka 1972 na 1973 kwa Kiebrania na Kiarabu, moja ya vitu vya mwisho kuchapwa kwa Kiebrania mjini humo.

Na kuna rekodi za shule za Kiyahudi za mjini humo, Frank Iny na Shamash: majina, picha, alama za mitihani. Hapa ndipo ninapokwama kila mara. Waliotoroka mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipita milima ya Wakurdi kuingia Iran, wengine bila hata mkoba. Hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha shule. Nyaraka zilipowekwa kwenye maonyesho Washington mwaka 2013, wapo waliokutana na karatasi zao za utotoni ndani ya makabati ya vioo. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anasoma alama zake za hesabu kwenye karatasi aliyonyang'anywa na polisi, na pembeni ameelezwa kwamba mali hii itarejeshwa kwa serikali ya nchi iliyomnyang'anya. Mwite mtu huyo mkoloni kama unaweza.

Watetezi wa Iraq watasema, na ni kweli, kwamba serikali ya sasa si ya Saddam. Mwaka 2013 iliridhia vipande vya Taurati visivyofaa tena kusomwa vizikwe makaburini New York kwa taratibu za dini, na balozi wake alihudhuria. Mwaka uliofuata ilikubali nyaraka zikae zaidi Marekani, baada ya Seneti ya huko kupitisha azimio la kutaka makubaliano yajadiliwe upya. Huo ni uungwana, na sioni haja ya kuubeza.

Lakini kuna jambo lililotokea baadaye ambalo limebadili mizani yote. Mei 2022 Bunge la Iraq lilipitisha sheria inayoharamisha uhusiano wowote na Israel, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha au kifo. Sasa, sehemu kubwa ya waliotajwa katika nyaraka hizi, na watoto wao na wajukuu wao, wanaishi Ramat Gan na miji jirani ndani ya Israel. Iraq yenyewe iliwavua uraia. Tuchukulie nyaraka zimerudi Baghdad, zimewekwa vizuri, kuna chumba cha kusomea na mtunzaji mwema. Mama wa Ramat Gan anataka nakala ya hati ya ndoa ya babu yake. Anamwandikia nani? Na yule mtunzaji mwema, akijibu barua hiyo, anajiweka wapi mbele ya sheria? Sisemi atanyongwa. Nasema mtumishi wa serikali mwenye watoto hatajaribu kujua, barua itakaa mezani, na hakuna atakayeweza kumlaumu. Wayahudi waliobaki Iraq kwenyewe wanahesabika kwa vidole vya mkono. Kwa hiyo hifadhi itakuwa wazi kwa kila mtu duniani, isipokuwa wengi wa wale iliowaandika.

Wapo wanaotaka kumaliza ugomvi kwa kusema picha ziko mtandaoni, basi karatasi ziende popote. Hoja hiyo inakata pande zote mbili. Kama picha zinatosha kwa bibi wa Ramat Gan, zinatosha pia kwa kijana wa Baghdad. Na nimeona wanaosema picha zinatosha huwa ni wale wanaotarajia kubaki na karatasi.

Kulinganisha kesi hii na nyaraka za Baath, chama cha Saddam, hakunishawishi pia. Zile, mamilioni ya kurasa, zilipelekwa Marekani vivyo hivyo, zikatunzwa Taasisi ya Hoover huko California, na zikarudishwa Iraq mwaka 2020. Sawasawa kabisa: dola iliziandika, dola imezipata. Barua ya kondoo haikuandikwa na chama wala wizara. Ilikuwa ndani ya makaratasi ya sinagogi, na ilifika serikalini kwa lori la polisi.

Hoja ya Eskander bado inaniuma, kwa hiyo siungi mkono wanaotaka Baghdad isahaulike. Nakala bora zichapwe, maonyesho yale yale yaliyozunguka miji ya Marekani yafunguliwe Baghdad, na watoto wa shule wapelekwe kuyaona. Asili zake zishikwe na jumuiya zenyewe. Siku mjukuu wa mtu wa Bataween atakapoweza kuingia hifadhi ya taifa ya Iraq na pasipoti yoyote aliyonayo, ajaze fomu, aitishe faili la babu yake kwa namba na kuletewa mezani, nitaandika makala nyingine. Muda wa ziada uliokubaliwa ulikwisha mwaka 2018, na masanduku bado yapo Maryland.