Mjomba, Nipo Kwenye Mashine

Magoti yangu yalipogoma kukimbia, daktari aliniambia nitafute zoezi lisilo na kishindo. Jimu ya mtaani kwetu, Kinondoni, ina mashine mbili za kupiga makasia, zimetupwa kona ya nyuma karibu na choo, wala hakuna anayezigombania. Vijana wote wako kwenye vyuma, mbele ya kioo. Mimi mtu wa Pangani, wajomba zangu wavuvi. Nikasema hapa ndipo nyumbani.

Kocha alinikuta nimesukuma kile kiwenzo cha pembeni ya feni mpaka kumi, akakirudisha nne bila hata salamu. Kumbe hakiongezi uzito, kinafungulia hewa tu. Ile feni, inayozunguka ukivuta mpini, inapambana na upepo, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo upepo unavyozidi kukukatalia: ukitaka kwenda kasi mara mbili, andaa nguvu mara nane. Mashine za namna hii zilienezwa na ndugu wawili wa Vermont, Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa watengeneza makasia. Mwaka 1981 walitoa yao ya kwanza, yenye gurudumu la baiskeli, ili mpiga makasia ajinoe hata majira ya baridi maji yakiganda. Pangani maji hayajawahi kuganda, kwa hiyo habari hizo mjomba wangu hazijamfikia.

Zoezi lenyewe ni la kujenga pumzi. Unasukuma kwa miguu kwanza, mgongo unafuata, mikono mwisho. Kurudi ni kinyume chake. Mivuto ishirini hivi kwa dakika, pole pole, muda mrefu. Na kipimo cha kujua hujazidisha ni mazungumzo: ukishindwa kuongea, punguza.

Sasa hapo ndipo nilipopatikana, maana mashine ya pili hukaliwa na mama mmoja mstaafu, mzaliwa wa Muheza. Kijana wa mjini ukimpima kwa mazungumzo atasema "poa" na kufaulu. Kwa mama huyu, shikamoo ni kufungua mlango tu. Anataka habari za kuamka, za wazazi, za Pangani, mvua zimenyesha, nazi sasa wanauzaje. Yeye anavuta huku anaongea kama yuko barazani anachambua mchicha. Mimi nakata roho kwenye "watoto hawajambo?"

Jumamosi hiyo kocha alinipangia mita 10,000. Skrini inahesabu kurudi chini, na ukiachia mpini saa haikusubiri, inaendelea kukuandikia aibu. Simu nilikuwa nimeiegesha juu ya skrini. Nikiwa nakaribia mwisho, jasho limeingia machoni, mjomba akapiga. Usiku wake alikuwa amepiga nikiwa nimelala, na kwetu simu ya mjomba ukiikosa mara mbili ni kesi ya ukoo. Nikaigusa kwa kifundo cha kidole, nikaweka spika, nikarudi kwenye mpini.

"Shika... moo... mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona unahema hivyo?"

"Nipo... kwenye mashine."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mashine gani?"

"Ya kuvuta..."

"Pumzi, mwanangu!" mama wa Muheza akadakia. "Vuta pumzi, itoe taratibu!"

"Ya Rabbi. Huyo nani?"

"Mama mmoja... yuko hapa... pembeni yangu."

"Daktari anasemaje?"

"Ndiye... aliyenileta... huku."

"Miguu unaisikia?"

"Imefungwa... mikanda."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Bila mikanda utateleza na kiti mpaka chooni.

"Imebaki... elfu moja tu... mjomba. Halafu... basi."

"Mjomba wangu, usiwaze hela saa hizi! Hela tutachanga!"

"Mwambie unamalizia!" mama akahimiza.

"Anasema... namalizia."

Mjomba akaniambia nitamke naye shahada. Nikadhani ananitia moyo. Nikatamka, na ukweli ni kwamba ilinipa mdundo mzuri kuliko muziki wote wa kocha. Katikati yake salio la mjomba likaisha.

Nilimaliza. Nililala sakafuni kwanza, baadaye nikajikokota nyumbani, simu haina chaji, nikaichomeka na kulala usingizi wa mawe.

Kuamka alasiri, kundi la ukoo la WhatsApp lilikuwa linawaka. Mjomba ameandika: "Ndugu zangu, kijana wetu yupo kwenye mashine huko Dar. Miguu wameifunga. Mpaka sasa anadaiwa elfu moja, lakini msijidanganye, hospitali za Dar zitaongeza." Chini yake orodha ya michango, imepangwa kwa majina. Mtu aliyeninyima mchango wa harusi ametoa elfu ishirini. Mama mdogo ameshapanda basi, ameandika akiwa Segera.

Nikaandika haraka: "Jamani, mimi mzima kabisa."

Binamu yangu, mweka hazina, akajibu: "Simu ya mgonjwa anayo nani? Ndugu, msitume hela kwa namba hiyo."

Nikarekodi sauti. Koo lilikuwa limekauka, ikatoka sauti ya mtu wa kuhurumiwa, na michango mingine mitatu ikaingia.

Mama mdogo alifika jioni na chupa ya uji wa pilipili manga. Nilimfungulia mlango nikiwa nimeshika ukuta, viganja vina malengelenge, makalio yamekufa ganzi kiasi kwamba nilimkaribisha kiti huku mwenyewe nimesimama. Akanitazama juu mpaka chini, akampigia kaka yake hapo hapo: "Kweli mzima, lakini wamemtoa mapema. Hawezi kukaa."

Ilibidi kesho yake nimpeleke jimu akaione mashine kwa macho yake. Aliizunguka, akainama kuangalia chini ya reli, akauliza mbona haiendi popote. Mama wa Muheza akamwambia karibu, na wale wawili wakaanza salamu. Niliwaacha hapo.

Nikampigia binamu arudishe hela za watu. Akakataa katakata. Hela ya mgonjwa, akasema, haijawahi kurudi katika ukoo huu, yeye hatakuwa wa kwanza. "Itakaa tu. Wewe si bado unaendelea na mashine?"