Kabla hujatuma dola za kujenga Goma, tazama Puna wanavyonunua

Naishi Hilo, kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii, na nimezaliwa Goma, mashariki ya Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo. Volkano ninazijua pande zote mbili. Kwa hiyo nikisikia ndugu zangu wa diaspora wakisema, "Mbona hata Wamarekani wananunua nyumba chini ya volkano, tena kwa hiari yao? Na sisi tujenge tu kwetu," nawaomba wangoje kwanza. Wananunua, ni kweli. Lakini masharti yao na yetu yamepishana mno.

Kusini ya Hilo kuna wilaya ya Puna, ambako ufa wa mashariki wa volkano ya Kilauea unapita chini ya makazi ya watu. Viwanja vya huko ni vya bei nafuu kuliko karibu sehemu yote ya Hawaii, na sababu yake haifichwi. Ramani ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, imekigawa kisiwa katika zoni 9 za hatari ya lava, na zoni 1 ndiyo mbaya kupita zote. Tangazo la nyumba likitoka, namba ya zoni huandikwa pale pale kando ya idadi ya vyumba. Wakopeshaji wengi wakisikia zoni 1 hawataki hata kuendelea na mazungumzo. Bima nayo ilikuwa ngumu kupatikana kiasi kwamba mwaka 1991, baada ya lava kumeza kijiji cha Kalapana, bunge la jimbo liliunda mpango maalumu wa bima kwa wenye nyumba wa zoni 1 na 2. Kwa hiyo mnunuzi wa Puna anaambiwa hatari yake kwa namba na kwa bei, kabla ya kutia saini.

Nimewahi kwenda kutazama nyumba inayouzwa Leilani Estates, mtaa mmoja wa Puna. Nyumba nzuri ya mbao, imesimama juu ya nguzo, tangi la maji ya mvua liko ubavuni, miparachichi nyuma. Ukitembea kidogo, barabara ya lami inakatika ghafla chini ya ukuta wa mawe meusi unaompita mtu mzima kimo. Mvua ikinyesha, mvuke unapanda kutoka kwenye nyufa. Hapo ndipo ardhi ilipofunguka tarehe 3 Mei 2018. Nyufa 24 zilitema moto kwa miezi mitatu, nyumba zaidi ya 700 zikateketea, ghuba ya Kapoho ikajaa mawe. Lakini lava yenyewe haikuua mtu hata mmoja.

Wengine watasema ni kwa kuwa ni Marekani, wana pesa. Pesa inachangia, lakini mlima wenyewe ni tofauti. Tarehe 30 Aprili mwaka ule sakafu ya Pu'u 'Ō'ō, kreta iliyo juu ya ufa ule wa Kilauea, ilianguka, na matetemeko yakaanza kusogea kuelekea Puna siku baada ya siku. Watu walipata siku tatu za kujua kwamba kuna kitu kinakuja. Nyiragongo, tarehe 22 Mei 2021, ilipasuka Jumamosi jioni, na wanasayansi waliochambua vipimo baadaye waliona kwamba dalili za wazi zilianza kama dakika 40 tu kabla. Dakika 40! Mama mwenye watoto wanne na mzee asiyeweza kutembea atafanya nini katika muda huo, usiku, barabara ya kwenda mji wa Sake ikiwa imejaa pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo? Tena lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, ile inayoifanya lava iwe nzito, ndiyo maana ni majimaji na inakimbia. Mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja.

Na sisi nani anatuonyesha zoni? Ramani za hatari zipo, wataalamu wa kituo cha volkano cha Goma, OVG, wanazijua. Lakini msaada wa Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020, kituo hicho kilikaa miezi bila intaneti ya kupokea vipimo vya mlima. Ramani hiyo haifiki mezani siku ya kuuziana parseli, yaani kiwanja. Pale utaulizwa kama mkuu wa kartie, yaani mtaa, anakutambua na kama hati ni halali, basi. Parseli iliyofunikwa na lava mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwa Kivu, inauzwa leo kama yoyote nyingine, kwa bei ile ile. Hilo ndilo linaloniumiza. Puna hatari inashusha bei, kwetu haishushi hata dola moja, na hasara yote inabaki kichwani mwa mnunuzi.

Sisemi watu wa Goma hawajui wanachofanya. Nyumba ya mbao na mabati juu ya mawe ya lava ni akili kubwa: inajengwa upesi na ikiungua familia haijazika maisha yake yote humo. Tatizo ni sisi wa ng'ambo. Nyumba ya mbao tunaionea aibu. Tunataka étage, yaani ghorofa, vioo vikubwa, picha ya kutuma kwenye kundi la ukoo. Tunamwaga zege kaskazini ya uwanja wa ndege, upande ule ule lava iliposimama mwaka 2021, kisha tunawaweka wazazi wetu ndani.

Ninaelewa pia kwa nini pesa inakimbilia kwenye ukuta. Mabenki ya Goma yalifunga milango waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025, na mtu asiye na pa kuweka pesa huigeuza matofali. Kwa hiyo hata hapo siwezi kumlaumu mdogo wangu aliyebaki kule, ambaye ameniomba nimalizie nyumba ya ghorofa aliyoanza Majengo, mtaa wa Goma.

Mimi Puna sitanunua, nitaendelea kupanga hapa Hilo. Na mdogo wangu nimemjibu hivi: nitalipa nyumba nzuri ya mbao, vyumba vitatu, sakafu ya simenti, na tangi la maji. Kilichobaki nakiweka huku kwa jina la watoto wake, karo na nauli ya kuondoka siku ikilazimu. Amekasirika. Anasema majirani watasema kaka yake wa Amerika ameshindwa. Acha waseme.