Mashimo Meusi ya Kati: Vijana wa Malindi Nao Watafute

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu: kusaka eksirei, mionzi kama ile ya kupigia picha mifupa hospitalini, zitokazo angani. Eksirei hizo hazipenyi hewa yetu, kwa hiyo anayezitaka hana budi kupeleka chombo juu.

Uhuru ilipoielekea Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kali angani, ilionyesha eksirei zake zikipanda na kushuka katika muda usiofika hata sekunde moja. Kitu kinachobadilika upesi namna hiyo lazima kiwe kidogo sana. Huo ukawa mmoja wa ushahidi uliowafanya wanasayansi waamini kwamba hapo pana shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka humo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Inaniuma kuona kijana anamaliza sekondari hapa hapa Malindi bila kusikia habari hii hata mara moja.

Na kazi yenyewe haijakwisha. Mashimo meusi madogo, yenye uzito wa makumi ya Jua, yanajulikana. Yale makubwa mno yaliyo katikati ya galaksi nayo yanajulikana. La galaksi yetu lina uzito wa Jua kama milioni 4. Hapo kati, kuanzia Jua 100 hadi 100,000, yaliyopatikana ni machache, na mengi yao bado yanabishaniwa. Kama makubwa yalikua kutoka kwa madogo, ya kati yako wapi?

Kung'aa peke yake hakutoshi kuwa ushahidi. Katika galaksi ya M82 kuna kitu ambacho eksirei zake ni kali ajabu, na wengi walidhani ni shimo jeusi. Mwaka 2014 darubini ya NuSTAR ikagundua kwamba kinapiga kwa mpigo kama saa: kumbe ni nyota ya nyutroni, yaani mabaki madogo na mazito mno ya nyota iliyolipuka.

Mfano ninaoupenda zaidi wa shimo jeusi la kati ni kitu kiitwacho HLX-1, kilicho umbali wa miaka ya nuru kama milioni 290, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa Jua kama 20,000. Kilitangazwa mwaka 2009, na hakikuwa kimelengwa na mtu. Kilikutwa katika orodha ya vitu vilivyonaswa na darubini ya XMM-Newton ilipokuwa ikitazama mambo mengine. Kingine, kilichotangazwa mwaka 2018 baada ya kuirarua nyota iliyokisogelea, nacho kilipatikana kwa kupekua kumbukumbu za zamani.

Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa kila mtu, bure. Za Chandra na XMM-Newton, darubini zilizorushwa mwaka 1999, zimejaa mtandaoni. Ukifungua faili moja unakuta jedwali refu: kila mstari ni chembe moja ya mwanga, na pembeni yake saa iliyofika, mahali ilipotua kwenye kamera na nguvu iliyokuwa nayo. Programu za kuzichambua nazo ni bure.

Najua kuna watakaosema watu wana shida ya maji na ajira, nyota za nini. Mimi siombi serikali ijenge darubini. Naomba kompyuta ambazo tayari ziko shuleni zitumike, na bando la kushushia faili chache. Kijana anayejifunza kutenganisha ishara na kelele katika jedwali la namna hiyo anabaki na ujuzi wa takwimu unaoajirika popote.

Waanze na HLX-1 yenyewe. Wachukue faili za miaka tofauti, wahesabu chembe, wachore grafu, waone jinsi kilivyowaka na kufifia karibu kila mwaka kabla mwendo huo haujavurugika. Mwalimu wa fizikia aliye tayari, awe wa Malindi, Ngomeni au Mambrui, aniandikie hapa chini. Kushusha faili za kwanza niachieni mimi.