Aliyeitika Kaburini Mwake

Mwezi uliopita nilikaa kwenye baraza moja la Mji wa Kale, hapa Mombasa, ambako vijana hukutana baada ya isha kusomeana walichoandika. Kahawa tungu ilipokwisha kupita, kijana mmoja akasoma hadithi ya kurasa tatu. Mtu amekwenda ofisini kuchukua kitambulisho. Karani anafungua faili na kumwambia kwamba amekufa tangu Jumanne, na maziko yake ni leo alasiri. Akibisha, anaonyeshwa muhuri. Anarudi kwao na kukuta viti vimepangwa, majirani wamejaa. Basi naye anafuata jeneza. Wabebaji wanapokezana, zamu yake inafika, anatia bega, na papo hapo anahisi kwamba jeneza ni jepesi mno, halina kitu ndani. Anawatazama wenzake. Wote wamehisi, na hakuna anayesema. Makaburini inasomwa talakini, maneno ya kumwelekeza maiti, anaitwa kwa jina lake na la mama yake, naye kwa mazoea anaitika, "Naam." Watu wanamgeukia kwa hasira: "Nyamaza wewe, maiti haitiki!"

Wengine tulicheka, wengine wakainamisha nyuso. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza kwa upole, "Mwanangu, hadithi yako hii yatufunza nini?" Kijana akajibu, "Sijui, Mwalimu. Ilinijia hivyo." Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema kuchezea talakini ni kuchezea mauti, na anayechezea mauti hana tena anachokiheshimu.

Mwalimu hakuuliza kwa ujinga. Kwetu pwani utungo umekuwa amana. Mwana Kupona alipoona maradhi yamemzidi, mwaka 1858, alimwachia binti yake utendi wa wosia: shika dini, shika adabu, kaa hivi na watu. Mtu aliyelelewa na tungo za namna hiyo, ukimsomea hadithi isiyo na funzo, umempakulia sinia tupu. Shule nazo zimekazia papo hapo. Mwanafunzi wa kidato cha nne huulizwa maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi. Haulizwi kama hadithi ilimnyima usingizi.

Lakini urithi huo una chumba cha pili, nacho wengi wetu tumekilalia kabla ya kujua kusoma. Katika ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870 mna ile ya nunda mla watu. Sultani ana paka. Paka anakula kuku, anakula mifugo, anakula watu, na kila watu wanapokuja kulalamika, Sultani hujibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake, basi aachwe. Anashtuka siku paka alipowala watoto wake mwenyewe. Hapo ndipo anapokiri kwamba huyu si paka tena. Mimi niliisikia gizani kwa bibi yangu, na hakuna mtoto aliyemuuliza inafunza nini. Tulimuuliza nunda alikuwa mkubwa kiasi gani. Tulitaka kumwona. Halafu kuna vugo, kinamama wakigonga pembe arusini na kuimba kwa mafumbo mambo ambayo asubuhi yake hakuna angeyatamka mbele ya wakwe. Kuvuka mpaka hatukufundishwa na wageni. Tulikuwa na mahali pake na saa yake.

Na hata darasani chumba hicho hakikufungwa kabisa. *Tumbo Lisiloshiba*, hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa katika sekondari zetu, ina jitu linaloingia mkahawani kwa Mzee Mago na kula chakula chote kilichopo. Walimu husema haraka kwamba jitu ni wakubwa wanaonyakua ardhi ya maskini, wanafunzi wanaandika, kengele inalia. Ni kweli, ndivyo. Ila ile dakika ya kumtazama mtu akila bila kukoma, huku wateja wengine wakimkodolea macho, ndiyo hadithi yenyewe, na ndiyo inayorukwa.

Wahakiki wetu huiita fasihi ya namna hii ubwege, na jina lenyewe linaipunguzia heshima. Nataka kueleza kwa nini naitetea, na nitaanza na hesabu moja ambayo nimeirudia mara nyingi. Tarehe 26 Juni 1948 jarida la The New Yorker la Marekani lilichapa hadithi fupi ya Shirley Jackson kuhusu kijiji kinachopiga kura ya bahati nasibu kila mwaka. Asubuhi nzuri, watoto wanacheza, majirani wanasalimiana, na anayeangukiwa na kura anapigwa mawe mpaka afe. Mwanawe mdogo naye anapewa vijiwe mkononi. Hadithi haielezi kwa nini. Jackson alisimulia baadaye kwamba kiangazi kile alipata barua mia tatu na ushei, na zenye neno la wema aliweza kuhesabu 13 tu, nyingi kutoka kwa marafiki zake.

Kumi na tatu katika mia tatu. Hasira naielewa, na matusi pia. Ninachoshindwa kukipita ni barua za namna nyingine, zile za watu waliouliza kura hizo hupigwa wapi, na kama wanaweza kwenda kutazama. Hawa hawakukasirika. Walikuwa watu wa kawaida walioketi wakachukua kalamu, wakanunua stempu. Angeandika makala ya kulaani ukatili, wote mia tatu wangekubaliana naye na kulala vizuri, wakiwemo hao waliotaka kuona. Hakuna hotuba ambayo ingewatoa mafichoni. Hadithi iliwatoa, kwa sababu haikuwaambia mapema wakae upande gani. Afrika Kusini, ambako mwaka huohuo chama cha ubaguzi wa rangi kilishika serikali, iliipiga marufuku, na inasimuliwa kwamba Jackson aliona fahari: wale angalau walikuwa wameielewa.

Sasa vuka daraja la Mtwapa uelekee Kilifi. Huko wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, ushahidi ukiwa mvi zao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba. Limehubiriwa msikitini, kanisani na kwenye baraza la chifu kwamba ni dhambi na ni jinai. Nani katika wasikilizaji alijiona yeye ndiye? Anayeonywa hukaa tayari amevaa uso wa anayeonywa. Kijiji cha Jackson kinakukuta hujavaa. Umeingia kwa starehe, umewapenda majirani wale, na ghafla unagundua jiwe liko mkononi mwako nawe hukumbuki uliliokota saa ngapi. Jeneza jepesi la kijana wetu limenifanyia vivyo hivyo. Nimewahi kutia bega kwenye jambo ambalo kila mmoja wetu alihisi ni tupu, nikanyamaza kwa kuwa wenzangu walinyamaza.

Ufupi nao una kazi yake. Daniil Kharms, mwandishi wa Leningrad huko Urusi, ambaye maishani alichapishiwa karibu maandishi ya watoto peke yake na akafa kizuizini Februari 1942 mji ukiwa umezingirwa, ana kisa kisichofika ukurasa. Bibi kizee anachungulia dirishani kwa udadisi, anaanguka. Mwingine anachungulia kumtazama aliyeanguka, anaanguka. Wanafuatana hadi wa sita, kisha msimuliaji anachoka kuwatazama anakwenda zake sokoni. Kikirefushwa kitaharibika, maana msomaji atapata nafasi ya kujitetea.

Upande wa Mwalimu una hoja nzito kuliko ile ya funzo, na haikutoka kwake. Ilitoka kwa mama mmoja aliyekaa karibu na mlango. Katika hadithi ya kijana wetu mna mjane, na yule karani wa vitambulisho anakuja kumposa siku ileile, eda haijaanza. Ukurasa mzima unamtazama mwanamke huyu akibadilisha nguo, unamtaja viungo kimoja kimoja. Mama akauliza, "Mwanangu, mbona huyu mke hana jina wala hasemi neno?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Uandishi wa kuvunja miiko una uvivu huu: ukitaka kushtua, mvue nguo mwanamke, mcheke kichaa, mfanye kilema kichekesho. Huko si kuvunja mwiko. Mwanamke alikuwa anatazamwa hivyo tangu zamani, na hadithi imejiunga na watazamaji.

Hoja hiyo nikaibeba hadi Shakahola, msitu wa Kilifi ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa kutawakutanisha na Yesu. Mwaka mmoja kabla yake, mtu angeandika hivyo, mhariri angerudisha mswada kwamba umezidi. Napata hapo sababu ya kuutetea ubwege, kwamba kuna ukweli ambao hadithi ya kawaida haiwezi kuubeba. Lakini je, ningethubutu kuisoma hadithi ya namna hiyo mbele ya mzazi anayesubiri majibu ya vinasaba ili ajue azike nani? Nisingethubutu, si mapema hivi. Na sidhani ni woga. Nunda alisimuliwa gizani, na vugo huimbwa chumba kinachojua kinaimbiwa nini. Waliotutangulia walichagua wasikilizaji, na sisi tunaorushiana hadithi kwa simu, zikafika kwa yeyote na saa yoyote, hilo hatujalifikiria vya kutosha.

Kijana alinifuata tukitoka, tukatembea pamoja mpaka karibu na Fort Jesus. Aliniuliza aondoe nini. Nikamwambia ukurasa wa mjane ama aufute, ama ampe yule mwanamke neno la kusema, na neno lenyewe liwe lake. Akaniuliza je, "Naam" ya kaburini? Nikamwambia asiiguse, hata Mwalimu akimwomba. Jana ameniletea nakala mpya. "Naam" ipo. Mjane sasa ana jina, na jeneza linapotolewa mlangoni ndiye peke yake anayeuliza kwa sauti mbona wanalibeba kwa urahisi hivyo.