Jaa lililofunikwa ndilo linalonitisha

Hapa Uingereza ninapoishi kuna kilima cha nyasi ambako watu hutembeza mbwa. Nilikipita miezi kadhaa nisijue kwamba chini yake ni taka. Kilichonishtua ni vibomba vyenye vifuniko vya kufuli, vimepangwa kati ya kilima na nyumba. Kumbe ni visima vya kupimia gesi.

Nyumbani jaa halijifichi. Kwa moshi na harufu unalijua kabla hujalifikia, na sote tulisema dawa yake ni kulimwagia udongo na kugawa viwanja. Siku hizi wazo hilo linaniogofya kuliko moshi wenyewe.

Taka zikioza pasipo hewa hutoa gesi, karibu nusu methani na nusu kaboni dioksaidi. Jaa likiwa wazi, nyingi hupanda angani (si jambo jema, lakini haikuingii chumbani). Ukilifunika, gesi hukosa pa kutokea, nayo hujipenyeza kando: kwenye mchanga, nyufa za miamba, mitaro ya mabomba, hadi chini ya sakafu ya mtu. Methani haina harufu, na ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche ya swichi inatosha kuilipua.

Wenyeji wangu nao walifundishwa na msiba. Machi 24, 1986, kijijini Loscoe, Derbyshire, nyumba ililipuka na kujeruhi watu watatu. Gesi ilitoka jaa la jirani lililokwisha kufunikwa, ikapita kwenye miamba yenye nyufa. Kabla ya hapo mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka kwa kasi, na hali hiyo huivuta gesi itoke ardhini.

Leo wenyeji hao hufukia mabomba yenye matundu ndani ya taka, mashine huifyonza gesi, kisha huchomwa au huendesha jenereta. Mtaniambia ni ghali. Mashine, ndiyo. Ila mtaro mrefu wa kokoto kati ya jaa na makazi, wenye kina cha kutosha kuikata njia ya gesi, hauhitaji umeme. Kutojenga hapo hakuhitaji hata kokoto, isipokuwa mtu akose kiwanja, na hapo ndipo tunaposhindwana.

Juzi mdogo wangu kanitumia picha ya kiwanja: tambarare, majani mabichi, "zamani palikuwa dampo, sasa pasafi." Nimemuuliza gesi inapata wapi pa kutokea. Kanijibu hakuna harufu yoyote.