Bluu Gani, Mheshimiwa Mwenyekiti?

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi huwa na ajenda mbili, bajeti na rangi. Bajeti inaisha kwa dakika kumi, maana hela hakuna na kila mtu anajua. Rangi inakula saa tatu na kreti mbili za soda. Watu wazima na ndevu zao wamekaa kwenye viti vya plastiki, mmoja anaomba mwongozo wa Mwenyekiti kama pichi na samoni ni kitu kimoja, mwingine anapinga kwa nguvu zote, na hakuna hata mmoja aliyeshika uzi mkononi.

Jamani, rangi haipigiwi kura kwa jina! Ukitamka "damu ya mzee", mama mkubwa anawaza mapazia ya sebuleni kwake, shemeji anawaza basi la mkoani, katibu kaandika "maruni" kwenye muhtasari, na mpambaji, ambaye hata hakuitwa kikaoni, ataleta alichonacho stoo. Dhahabu ndiyo balaa kabisa. Kuna dhahabu ya haradali, kuna dhahabu ya karatasi ya pipi, na kuna ile ya shampeni, ambayo kwa mbali ni nguo nyeupe iliyofuliwa pamoja na soksi. Ganda la kitunguu nalo, kitunguu gani? Cheupe au chekundu?

Mwisho wa ubishi wanapitisha bluu iliyokoza, fedha na nyeupe. Halafu shangazi anapenyeza pichi kidogo, "ichangamshe". Wifi anaongeza kijani, kwa sababu ameshanunua viatu. Rangi tano! Harusi inageuka kituo cha daladala. Hesabu inayokaa vizuri machoni ni rangi tatu: moja ishike zaidi ya nusu ya ukumbi, ya pili ishike kama theluthi, na ya tatu iwe chumvi tu, kwenye maua, tai na leso. Bibi zetu wa pwani walimaliza mambo kwa doti ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hawakuhitaji mweka hazina.

Cha kwanza kilitakiwa kuwa kwenda kuuona ukumbi. Ukumbi una rangi zake tayari: zulia, kuta, vitambaa vya darini, pazia la jukwaani. Zulia jekundu halitoki kwa sababu kamati imepitisha azimio. Weka bluu iliyokoza juu ya zulia jekundu uone kama hujapata timu ya mpira. Nendeni usiku, saa ileile ya sherehe, muombe taa zote ziwashwe.

Maana taa ndiyo mchawi wa harusi. Kitambaa chekundu kikimulikwa na mwanga wa bluu mtupu kinaonekana cheusi, na kijani chini ya mwanga mwekundu vilevile. Wasimamizi wanaingia wakicheza, DJ anageuza taa zake, ukumbi mzima unadhani wamefiwa. Bluu yenyewe iliyokoza, chini ya balbu za njano, inakaribia nyeusi. Zambarau chini ya balbu hizohizo inakuwa ugoro. Mwambieni mtu wa taa mapema: wakati wa maharusi kuingia, kukata keki na kupiga picha, mwanga mweupe mtupu. Disko baadaye.

Sasa Kariakoo. Maduka mengi ya vitambaa ni ya ndani, taa zinawaka mchana kutwa. Usilipie rangi uliyoiona chini ya taa. Chukua ncha ya kitambaa utoke nayo nje juani, muuzaji akinuna mwache anune. Kisha kata vipande vya ukubwa wa kiganja, kimoja kwa mpambaji, kimoja kwa fundi, kimoja kwa mtengeneza keki, kimoja kwa mchapa kadi. Wapewe kitambaa chenyewe, wasitumiwe picha. Kamera ya simu inajirekebishia rangi kadiri ya mwanga, na kila kioo cha simu kina njano yake. Kupeleka picha ndiyo chanzo cha kadi ya samawati, keki ya urujuani na meza za bluu ya sare za shule.

Na nunueni kwa siku moja, duka moja. Kiwanda kinatia rangi kwa mikupuo, na mkupuo wa leo haufanani na wa wiki iliyopita hata kama namba ya rangi ni ileile. Ikibidi majora mawili, yafunguliwe yote yalazwe juani kando kwa kando. Lakini kamati ya nani itafanya hivyo? Upande wa bibi harusi wananunua mwezi mmoja kabla, upande wa bwana wananunua wiki ya mwisho michango ikiingia, na kwenye picha ya pamoja mstari unajichora wenyewe katikati, kama mpaka wa nchi mbili.

Kuhusu kiasi, tuache kukisia. Meza ya duara ya watu kumi, tuseme ina kipenyo cha sentimita 150 na kimo cha 75. Kitambaa kifike chini pande zote: 75 na 150 na 75, hizo ni mita tatu. Lakini kitambaa chenyewe kina upana wa mita moja na nusu, kwa hiyo unaunga mapana mawili, mita sita kwa meza moja, bado pindo. Wageni 300 ni meza 30, ni mita 180. Mtu aliyesema kikaoni "mita tatu tatu zinatosha" ndiye atakayekaa karibu na meza inayoonyesha miguu ya chuma yenye kutu. Utepe wa kiti unataka upana wa sentimita 18 na urefu wa mita 2.7. Upana wa mita moja na nusu unatoa tepe nane, hivyo viti 300 vinameza mita 103. Pazia la nyuma ya maharusi lizidishiwe upana mara mbili, lipate mikunjo; jukwaa la mita sita linataka pazia la mita 12. Likipungua, linavutwa mpaka linakazana kama ngozi ya ngoma, na nyuma yake unasoma tangazo la ukumbi.

Sare ni kesi nyingine. Satini ya kijivu au samawati mwezi wa Desemba Dar es Salaam ni kujianika: jasho likigusa tu, kwapani panachorwa ramani. Nyeupe, bluu iliyokoza na vitambaa vya maua vinaficha. Velveti ina manyoya yanayolala upande mmoja. Fundi akitaka kubana kitambaa, akageuza kipande kichwa chini, gauni moja linatoka na rangi mbili. Satini pia ina ujinga huo wa mng'ao. Kitenge cha yadi sita kinatosha gauni refu na kilemba, ila kama ua lake ni kubwa nunueni ziada, ili fundi aweze kulipanga. Asipolipanga linatua pale tumboni, kama shabaha. Kitambaa chekundu kisuguliwe kwanza na kitambaa cheupe kilicholowa, maana kikichuja ukumbini kitachuja kwenye gauni la bibi harusi wakati wa kupongezana.

Maua ya bluu? Waridi la bluu halioti shambani, hata Arusha kwenye maua yote yale. Hutiwa rangi, na rangi hiyo hushika vidole. Weka maua meupe, bluu iachie utepe.

Halafu kuna keki. Bluu iliyokoza kwenye krimu haiji kwa matone mawili. Inamiminwa rangi mpaka krimu inakuwa chungu, na inaendelea kukoza kadiri inavyokaa, kwa hiyo fundi mjuzi huichanganya siku moja kabla na kuikomesha ikiwa bado imepauka kidogo. Afadhali keki nyeupe na utepe wa bluu wa kufungua. Lakini nani atamsikiliza? Katibu kashaandika kwenye muhtasari "keki iwe bluu yote". Kadi ni samawati, meza ni za sare za shule, tai za upande wa bwana zinaelekea zambarau. Keki inakatwa, inalishwa kwa wazazi, wasimamizi na kamati nzima, mpiga picha anawaambia wacheke. Meno yote bluu. Bluu ileile moja, haina tofauti hata kidogo, kuanzia Mwenyekiti mpaka mtoto wa maua.