Kanga ya Mama na Gridi ya Basel

Huu ni mwaka wangu wa tisa Basel, Uswisi, nikifanya kazi ya usanifu wa michoro, na kila nirudipo Tanga kwa likizo huulizwa Wazungu wametuzidi nini katika kazi hiyo. Zamani nilijibu kwa neno moja: mpangilio. Siku hizi jibu hilo naliona pungufu.

Ni kweli kwamba katika mji huu na Zürich ndiko ulikokomaa, katika miaka ya 1950, mtindo unaojulikana duniani kuwa wa Kiswisi. Emil Ruder na Armin Hofmann waliufundisha hapa Basel, na mwaka 1957, jirani kabisa huko Münchenstein, kiwanda cha Haas cha herufi za chapa kilitoa herufi zilizochorwa na Max Miedinger, ambazo mwaka 1960 zilipewa jina la Helvetica. Ukurasa hugawanywa kwa mistari isiyoonekana, yaani gridi, maandishi hunyooshwa upande wa kushoto, na nafasi tupu huachwa makusudi ili jicho lipumzike. Bango la msanifu wa Zürich, Josef Müller-Brockmann, la mwaka 1955 kuhusu mtunzi wa muziki Beethoven halina picha ya mpiga muziki wala ya ala. Lina pinde tu zinazozunguka kitovu kimoja, nami kila nilitazamapo nahisi muziki ukipanda.

Nidhamu hiyo naitamani nyumbani. Likizo iliyopita nilisoma ukutani, katika zahanati moja, tangazo la chanjo lenye aina nne za herufi, na tarehe imebanwa pembeni kwa maandishi madogo kuliko jina la mgeni rasmi. Mama aliyebeba mtoto hamtafuti mgeni rasmi, anatafuta siku.

Hata hivyo, mpangilio hatujaukosa, umo kabatini. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati na ina jina, na ingawa michoro hubadilika kila toleo, sehemu hizo tatu hubaki, jambo ambalo ndilo kiini cha gridi yoyote. Jina huandikwa kwa herufi kubwa zisizo na madoido, karibu na pindo la chini, ili kanga ikifungwa kiunoni anayekuja nyuma aweze kulisoma. Aliyepanga hivyo aliuwaza mwili wa mvaaji, mwendo wake na macho ya msomaji kwa pamoja. Bango la ukutani halidai fikra hiyo.

Hapo ndipo ninapoachana na walimu wangu. Waswisi wale walitaka sauti ya msanifu isisikike, ujumbe ufike bila kuegemea upande. Mwanamke anayenunua doti yenye jina la mafumbo huwa anaye anayemwambia, na mtaa mzima unamjua. Kwetu maandishi humsemea mtu, na sioni kwa nini tuyafundishe kunyamaza.

Vijana wa nyumbani wanaonitumia kazi zao huiga weupe wa kurasa za Kiswisi hata pasipouhitaji. Huwaomba wachukue kanga ya mama, waitandaze mezani, wapime kwa rula upana wa pindo na umbali wa jina kutoka ukingoni. Mmoja wao, niliyemtumia picha ya lile tangazo la zahanati, alinirudishia vipimo vyote pamoja na tangazo jipya la chanjo: pindo pande nne, mji mtupu katikati, na tarehe imekaa mahali pa jina.